Mchoro wa Mama Wawili

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Perpétue aliileta ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho vyake vyote, maana mtu aliyewahi kukimbia haachi karatasi zake nyumbani hata anapokwenda mlango wa pili. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mwalimu Yasiin alikuwa barazani kwake, hapo Katwe, Kampala, nyuma ya karakana za wachomeleaji, anasahihisha madaftari. Mkewe Sumayiya alikuwa mkekani anasuka kawa, zile za rangi nyingi ambazo Wanubi hufunikia sinia za chakula.

"Karibu, Mama Espe," alisema Sumayiya. "Kaa hapa, bambi, pole. Hii jua nachoma sana leo."

Ua zima lilimwita Mama Espe, kwa jina la binti yake Esperance, mwenye miaka kumi na miwili, aliyesoma darasa la sita kwa Yasiin. Mtoto wake wa pili alikuwa Pitshou, wa miaka mitano, mwenye sikoseli, ugonjwa wa damu uliokuwa ukimlaza kwa maumivu ya mifupa karibu kila mwezi. Waliishi chumba cha ng'ambo ya uwanja. Perpétue alitembeza vitenge begani tangu asubuhi hadi miguu imshinde, na kwa miaka saba alikuwa akingoja ofisi ya wakimbizi impe safari ya kwenda Kanada. Vipimo vya afya vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki ni ndege.

"Hii barua balinipa jana mu ofisi," alisema. "Balisema nisaini, nikasaini. Lakini ni Kingereza mutupu. Unisomee, Mwalimu, tafazali. Miye nazani njo tarehe ya ndege."

"Tarehe ya ndege," alisema Sumayiya, na mikono yake ikaacha kusuka. "Basi sisi tutalia hapa."

Yasiin alianza kuisoma kimya, kama alivyozoea, ili apate maana kwanza. Hapakuwa na tarehe ya ndege. Barua ilisema safari imesimamishwa kwa sababu ofisi imepata habari kwamba Esperance si mtoto wa kuzaliwa na Perpétue, kinyume cha yaliyoandikwa katika faili. Ikafuata sentensi moja fupi, ambayo Yasiin aliisoma mara tatu. Ilisema habari hiyo imetoka katika mchoro wa mtoto mwenyewe, uliowekwa na mwalimu wake kwenye ukurasa wa mtandao wa shule mbili.

Alikohoa kidogo. Akamsomea Perpétue barua yote kwa Kiswahili, polepole, aya kwa aya, na ile sentensi akairuka. Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo lililokuja kumuumiza baadaye kuliko yote, kwamba lilimtoka kirahisi namna hiyo.

Perpétue aliukunja mfuko wa plastiki. "Na nani alibaambia?"

"Barua haisemi," alijibu Mwalimu Yasiin.

Huo sasa haukuwa kuruka. Ulikuwa uongo, mzima na miguu yake yote.

"Uniandikie majibu basi," alisema Perpétue. "Andika asema mutoto ni wangu. Wewe unajua Kingereza yenye bakubwa banasikia."

Akaandika. Aliandika Kiingereza kizuri, cha mtu aliyesomea Kyambogo na kupata shahada yake kwa jasho, na ndani ya barua hiyo hapakuwa na neno lolote kuhusu mchoro. Perpétue alirudi chumbani kwake, akatoka na kitenge cha yadi sita, bluu na njano, akakiweka mapajani mwa Sumayiya. Sumayiya alikataa, kisha akakubali. Yasiin alitazama pembeni.

*

Huo mchoro tuueleze hapa hapa, maana haukuwa na ubaya wowote, na aliyeusababisha hakuwa mtu mbaya.

Shule aliyofundisha Yasiin ilikuwa na urafiki na shule moja ya mji mdogo huko Kanada. Mara mbili kila muhula, kompyuta ya mwalimu mkuu ililetwa darasani, na watoto wa pande mbili wakaonana na kupungiana mikono. Mwalimu wa kule, Madam Lorna, alituma karatasi ya zoezi: chora familia yako. Kulikuwa na kisanduku cha baba, kisanduku cha mama, na vitatu vya watoto. Yasiin aliiangalia karatasi ile akacheka. Alikuwa na damu ya ualimu, na aliudhika kidogo vilevile kuona watoto wake wanataka kubanwa katika visanduku vitano.

"Geuzeni hiyo karatasi," aliwaambia. "Chora nyuma. Hawa wenzetu hawajui mtu anaweza kuwa na mama mkubwa na mama mdogo, na wote ni mama. Chora wote. Tuwafundishe na wao kitu."

Esperance alichora wanawake wawili wameshika mtoto mmoja. Mmoja alikuwa na msalaba mdogo juu ya kichwa, jina Consolate. Wa pili alikuwa na vitenge begani, jina Perpétue. Chini akaandika kwa Kiingereza chake cha shule kwamba mama aliyemzaa alikufa Rutshuru, huko Kongo, yeye akiwa na miezi tisa, na mama yake ni mdogo wa huyo. Yasiin alimpa alama zote. Alipiga picha mchoro huo, akauweka wa kwanza kwenye ukurasa wa shule hizo mbili, na siku ya kuonana akamsimamisha Esperance mbele ya kompyuta, akasema kwa fahari: huyu binti anakuja kwenu huko. Watoto wa Kanada walipiga makofi. Madam Lorna alifuta machozi.

Mama yule alikuwa na moyo mwema, na ndio ulioleta balaa. Aliutuma mchoro ule kwa watu wanaopokea wageni nchini kwake, ili waijue mapema familia inayokuja, wajue mtoto huyu ameshafiwa na mama mmoja. Akamwandikia Yasiin kumpa habari hiyo. Yasiin akajibu kwa kumshukuru sana. Wiki mbili baadaye akaletewa mwaliko: aende Kanada mwezi wa saba, siku kumi na nne, akawafundishe walimu wa kule familia za Afrika zilivyo.

Sasa Perpétue, miaka saba nyuma, aliulizwa ofisini ana watoto wangapi. Wakati huo alikuwa na Esperance peke yake, akasema mmoja. Akaulizwa: umemzaa mwenyewe? Akasema ndiyo. Hakuona kwamba anadanganya. Dada alikufa, mtoto akabaki kifuani kwake, na kwao ukimtaja mtoto wa namna hiyo kuwa ni wa marehemu, mbele ya watu na yeye mwenyewe anasikia, umemfukuza nyumbani. Mambo hayo Esperance aliambiwa faraghani alipofika miaka kumi, kwa heshima, na ofisini hayakutajwa tena.

Jumatatu asubuhi baada ya ile barua, kabla ya kengele, Yasiin aliingia ofisi ya mwalimu mkuu, akafungua kompyuta na kuuondoa mchoro. Aliona kama amezima moto. Akaenda darasani kufundisha sehemu za ua la mmea.

*

Mtu aliyeonewa hutafuta sura ya kuikasirikia, na Perpétue aliipata upesi. Alikuwako Katembo, fundi wa simu mwenye meza yake kando ya barabara, aliyevuka naye mpaka na kusali naye kanisa moja. Hapa Kampala, ni Katembo na mkewe tu waliomjua Consolate alipokuwa hai. Tena Katembo mwenyewe aliomba safari akakataliwa. Perpétue aliunganisha haya mawili, na kwa kweli yaliungana vizuri.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama katikati ya kanisa, akamnyooshea kidole na kumwita nyoka. Alisema mbele ya watu wote kwamba Katembo ameuza mtoto wa marehemu kwa ajili ya wivu. Katembo aliinuka kujibu, wanakwaya wakaanza wimbo juu ya sauti yake.

Baada ya hapo Wakongomani wa Katwe waliacha kumpelekea simu. Siku moja alikuta meza yake imepinduliwa, skrubu na vioo vya watu vimetapakaa matopeni. Yasiin alipita hapo akienda shule, kama alivyopita kila siku. Katembo alikuwa amepiga magoti anaokota.

"Mwalimu," alisema bila kuinuka. "Wewe ni muntu ya busara. Yule mama anakusikia. Umwambie miye sikusema kitu. Nitasema namna gani? Consolate alikuwa rafiki ya bibi yangu."

"Nitaongea naye," alisema Yasiin.

"Mungu akubariki."

Yasiin aliinama, akamsaidia kuokota skrubu mbili tatu, akaziweka kiganjani mwake, akaenda zake. Hakuongea na mtu. Jioni alikula nusu sahani, Sumayiya akadhani ni homa. Ijumaa iliyofuata Sumayiya alitoka amevaa gauni jipya la bluu na njano, akageuka mbele yake akimwuliza limekaaje. Yasiin alisema limekaa vizuri. Msikitini, imamu alipokuwa akihutubia, yeye alikuwa anahesabu siku zilizobaki hadi mwezi wa saba, na alijichukia kwa kuzihesabu.

*

Simu ya ofisi ilikuja kwake, si kwa Perpétue. Mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Nafuna alimtaka afike Alhamisi saa nne pamoja na yule mama na mtoto. Jina la Yasiin lilikuwa chini ya mchoro, alisema, na kuna jambo wanataka alieleze.

Siku hiyo hakusahihisha daftari lolote. Alikaa na Sumayiya ndani, mlango umefungwa, na wakazungumza kwa Kinubi chao cha nyumbani ili jirani wasielewe. Alimwambia yote, mpaka ile sentensi.

Sumayiya hakupandisha sauti. "Uliijua siku ile ile aliyoleta barua?"

"Siku ile ile."

"Na mimi nimekivaa kitenge chake."

"Sumayiya."

"Mara ya pili nimekivaa kwenye arusi ya mtoto wa shangazi, watu wananisifu." Alijishika kichwa. "Kwa nini hukusema? Ungesema hapo hapo, angelia, angekutukana, yangekwisha. Uliogopa nini?"

Yasiin alitaka kusema aliogopa kumwumiza. Lakini kwa mke aliyeishi naye miaka kumi na minne, uongo mwingine haukuwa na pa kupita. "Safari," alisema. "Niliona wakijua kuna ugomvi, wataifuta safari yangu."

Sumayiya alikwenda akafungua mlango. "Alhamisi atasikia ofisini, kwa mdomo wa mtu mwingine, akiwa amekaa karibu nawe na anakuamini. Hutafanya hivyo. Nenda sasa."

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini?"

*

Alimkuta Perpétue sakafuni, amempakata Pitshou aliyekuwa ameanza kuumwa tangu mchana. Alikuwa anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto. Esperance alikuwa anapuliza jiko la mkaa mlangoni. Yasiin alisimama, hakukaa, akasema maneno yake bila kuyapamba. Barua ilisema habari imetoka wapi. Mimi niliona. Niliruka. Ni ule mchoro wa darasani, mimi niliuweka, na mimi nimeuondoa baada ya barua kuja. Katembo hakusema kitu.

Kitambaa kilibaki juu ya goti la mtoto mpaka kikapoa.

"Mwalimu alisema tuchore wote," alisema Esperance kwa sauti ndogo. "Mama, miye sikujua. Alisema tubafundishe."

"Nyamaza, mwanangu. Uliandika ya kweli. Haukukosa kitu hata kimoja." Perpétue alisema haya akimtazama mtoto, na aliendelea kumtazama mtoto. "Mwalimu, nilikuletea barua ju siyui kusoma. Kama ningejua kusoma singekuletea."

"Najua, Mama Espe."

"Nilisimama mu kanisa nikaita muntu nyoka. Bantu balimumwangia meza."

"Najua. Niliona."

"Uliona." Alirudia neno hilo taratibu. "Basi Yumapili utakuya. Utasema mbele yabo, kama vile miye nilisema mbele yabo. Siyo kwa Katembo pembeni. Mbele ya bantu."

Yasiin Mwislamu, mwana wa Wanubi waliojenga msikiti wa kwanza wa mtaa ule kwa mikono yao, alisema atakuja.

"Sasa ondoka. Mutoto anaumwa."

*

Ofisini, Alhamisi, Nafuna alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na upole wake ulifanya mambo kuwa magumu zaidi. Alimhoji Esperance peke yake kwa nusu saa, kisha akawaita wakubwa.

"Mwalimu, hii picha ya mtoto, wewe naweka?"

"Mimi."

"Na nani natoa?"

"Mimi pia. Huyu mama hakujua. Hakuna mtu aliyeniambia niitoe."

Nafuna alivua miwani akaifuta. "Sikia sasa. Hii mambo ya mama mdogo kuwa mama, mimi najua. Hata kwetu Mbale iko hivyo. Kama picha nabaki pale, mimi naandika: mtoto anasema kweli, mama anasema vile kwao wanasema, tunatafuta karatasi, basi. Lakini picha natoka siku tatu baada ya barua. Mkubwa yangu naangalia tarehe, nasema hii watu iko naficha kitu."

Kumbe kile Yasiin alichokiona kama kuzima moto ndicho kilichouwasha.

Uamuzi ulikuwa huu. Kwa sababu ya ripoti ya daktari kuhusu Pitshou, Perpétue na mtoto huyo wanaruhusiwa kusafiri. Esperance anafunguliwa faili lake peke yake, na atangoja mpaka zipatikane karatasi za kifo cha mama mzazi na za malezi. Karatasi hizo zilikuwa za kutafutwa Rutshuru, ambako kulikuwa na vita tena. Nafuna alisema mwaka mmoja, labda miwili. Perpétue akikataa kumwacha, wote watatu warudi mwisho wa foleni.

"Na Pitshou?" aliuliza Perpétue.

"Nao wanangoja wote, nnyabo," alijibu, akimwita mama kwa Kiganda.

"Daktari alisema hawezi kungoja."

Nafuna aliandika tarehe kwenye karatasi, akasema wampe jibu Ijumaa ya wiki inayofuata, pamoja na jina la mtu atakayeishi na msichana.

Jumapili Yasiin alikwenda kanisani kama alivyoahidi. Alisimama mbele ya watu mia mbili waliovaa nguo zao za Jumapili, kofia yake kichwani, akasema kwamba aliyesababisha safari ya Mama Espe kusimama ni yeye, na kwamba aliwaacha wamtendee mabaya mtu asiye na kosa. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu wangepiga. Baadaye Perpétue alimwendea Katembo akapiga magoti, Katembo akamwinua. Katembo alipita karibu na Yasiin akitoka, akasimama.

"Siku ile ulinisaidia kuokota skrubu," alisema. "Nilikuambia Mungu akubariki."

Akaenda zake.

Kesho yake Yasiin alimwambia mwalimu mkuu, Madam Alanyo, kwamba hataenda Kanada. Alanyo alikuwa Mwacholi asiyependa maneno mengi.

"Ukikaa hapa, huyo mtoto atapanda ndege?"

"Hapana, Madam."

"Sasa kukaa kwako kunamsaidia nani?"

Alanyo alipeleka jina la mwalimu wa sayansi, na mambo yakaendelea bila kukwama hata kidogo. Yasiin alikuwa ametegemea, bila kukiri hata kwa nafsi yake, kwamba kuiacha safari kutampunguzia mzigo. Haukupungua.

*

Alhamisi jioni, kesho yake ikiwa ndiyo Ijumaa ya kutoa jibu, Perpétue alivuka uwanja akaja barazani. Sumayiya alimwekea kiti. Alikuwa amekwisha kukitoa kile kitenge, kimefuliwa na kukunjwa, gauni zima, akakiweka mbele yake. Perpétue alikisogeza kando, hakukichukua wala hakukikataa.

"Nitaenda na Pitshou," alisema. "Nimelia nimemaliza. Nikikaa, nitazika mmoya mbele ya mwingine. Nimemwambia Espe mwenyewe. Amesema: mama, nenda."

Sumayiya aliziba mdomo kwa kanga yake.

"Kesho nitabapa jina ya muntu. Nitaandika jina yenu. Espe atakaa hapa, na Shamim."

Shamim alikuwa binti yao wa miaka kumi. Yasiin alihisi machozi yanakuja, akafikiri amesamehewa. Ilikuwa furaha fupi, na alistahili aibu iliyoifuata.

"Mama Espe," alisema, "sijui nikushukuru vipi. Baada ya yale niliyofanya, ukanisamehe mpaka..."

"Miye sikukusamehe, Mwalimu."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayemrekebisha mtu njia.

"Usizani namuacha mutoto kwako ju nimekusamehe. Katembo alisema yeye atamuchunga. Bibi yake vilevile. Ni bantu bazuri. Lakini Katembo hana kosa na huyu mutoto. Atamuchunga mwezi mmoya, miezi sita, kisha atachoka, ni muntu, ana batoto bake. Chakula ikipungua ataangalia bake kwanza. Wewe hautachoka. Kila ukimuona utakumbuka. Akiumwa, utaamka mbele ya bibi yako. Karatasi zikichelewa, wewe njo utaenda kusimama mu ofisi mpaka bakufukuze, na kesho utarudia. Nilifikiri siku tano. Mu Kampala yote hakuna muntu mwenye atamuchunga kukupita. Njo maana."

Kwenye karakana ya nyuma mtu alikuwa anapiga bati kwa nyundo, akaacha, akaanza tena.

"Nimesikia," alisema Yasiin.

"Anakula polepole, usimukaripie. Na hesabu inamushinda, hiyo unajua."

"Najua."

"Basi."

*

Gari la ofisi lilikuja Jumanne ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi. Ua lote lilitoka. Perpétue alikuwa amevaa koti zito la mitumba ambalo jua la Kampala halikulitaka, na Pitshou alikuwa mgongoni mwake, ingawa alikwisha kuwa mkubwa mno kubebwa. Aliagana na Katembo na mkewe, akamkumbatia Sumayiya, akampa Yasiin mkono na kuuachia upesi. Esperance alimkumbatia mwisho. Walinong'onezana kwa Kinande, maneno machache, na hakuna jirani aliyejua ni yapi.

Gari lilipokata kona, watu walianza kutawanyika, wengine kazini, wengine kwenye mabomba ya maji. Esperance alibaki amesimama na begi lake miguuni. Yasiin alikwenda akainama kulishika.

"Nitabeba mwenyewe, Mwalimu," alisema.

Akalitwika kichwani, akavuka uwanja kuelekea mlango ambao Shamim alikuwa ameushikilia wazi. Yasiin alimfuata nyuma bila kitu mikononi. Tangu asubuhi hiyo alimwona kila siku, nyumbani akila polepole, na darasani kwenye dawati la tatu, na kila siku aliona kwamba Perpétue alisema kweli.